Namna ya Kufikisha Maoni ya Mtaa kwenye Sera za Teknolojia na Mazingira

Chini ya meza ya fundi simu mmoja katika mtaa wa Langoni, hapa Lamu, kuna ndoo ya rangi ya lita 20 iliyojaa betri za simu na za taa za sola. Baadhi zimevimba kama mahamri, nyingine zimeshika kutu ya kijani kwenye ncha kwa sababu ya hewa ya chumvi. Nilipomuuliza fundi huyo, ambaye ni mzee wa makamo ya baba yangu, mzigo ule huishia wapi, alinijibu hivi: "Mwanangu, kijana wa vyuma chakavu huja akachukua shaba na mabati. Betri hazitaki. Na mimi siwezi kuzitupa baharini, basi nakaa nazo."

Ndoo ile imejaa kwa sababu ya maamuzi yaliyofanywa mbali sana na Langoni. Yuko mtengenezaji aliyeamua kuibandika betri ndani ya simu kwa gundi, yuko mwagizaji ambaye hakubanwa aichukue tena bidhaa yake ikishakufa, na wako maafisa walioandika kanuni baada ya kuwasikiliza zaidi wale waliofika mapema. Kampuni za teknolojia hufika mapema, zikiwa na wanasheria na karatasi zilizopangika. Sisi wa visiwani hufika wakati kanuni imeshapigwa chapa, tena mara nyingi tukiwa na hasira tu mkononi. Mwongozo huu ni wa vikundi vya akina mama, vya wavuvi, vya vijana na vya wazee wa mtaa, hapa Lamu na kwa jirani zetu wa Malindi, ambao wangependa kufika mapema na wakiwa na kitu cha kuweka mezani.

Jinsi kampuni zinavyoingia kwenye sheria

Kabla ya kuandika lolote, kikundi kielewe kwamba ushawishi wa kampuni hizi kwa sehemu kubwa ni halali na hufanyika hadharani. Kampuni huandika maoni juu ya rasimu, hutoa ahadi za hiari ili serikali ione hapana haja ya sheria, na huja na uwekezaji mkubwa ambao huifanya serikali iwe laini katika masharti. Mei 2024, kwa mfano, Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni moja nchini Kenya, ukiwemo ujenzi wa kituo cha data, yaani jengo la kompyuta nyingi za kuhifadhi na kuchakata taarifa, huko Olkaria kitakachotumia umeme wa jotoardhi. Mpango wa namna hiyo unagusa sera ya umeme, ya maji, ya ardhi na ya kodi kwa pamoja, na mwananchi wa pwani anayelipia umeme kutoka gridi hiyo hiyo ana haki kamili ya kuuliza maswali juu yake.

Ni vyema pia kikundi kijue kwamba msimamo wa kampuni si msahafu. Umoja wa Ulaya ulipotaka simu zote zitumie tundu la aina moja la kuchajia, kampuni ya Apple ilipinga waziwazi, ikidai kwamba sharti hilo lingezuia ubunifu. Sheria ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika kwa simu tarehe 28 Desemba 2024, na Apple yenyewe ilikuwa imekwisha kubadilisha tundu la simu zake mwaka 2023. Huko California kampuni hiyo hiyo ilizipinga kwa miaka sheria za kumpa mteja na fundi wa mtaani vipuri na maelekezo ya kutengeneza vifaa, kisha Agosti 2023 ikaiunga mkono sheria hiyo, nayo ikatiwa sahihi Oktoba mwaka huo. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vidogo ziwe zinaweza kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyotajwa. Mtu atakapowaambia kwenye mkutano kwamba jambo fulani haliwezekani kiufundi, mtajeni nchi ambako limekwisha kuwa sheria.

Ahadi za hiari nazo zisomwe kwa makini. Google iliahidi kufikia sufuri halisi ya hewa ukaa, yaani isitoe zaidi ya inayoondolewa hewani, ifikapo 2030, lakini ripoti yake yenyewe ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba hewa chafu yake iliongezeka kwa asilimia 48 kati ya 2019 na 2023. Microsoft, iliyoahidi mwaka 2020 kwamba kufikia 2030 itakuwa inaondoa hewa ukaa nyingi kuliko inayotoa, iliripoti ongezeko la takriban asilimia 29 tangu mwaka huo wa ahadi. Sababu kubwa ni vituo vya data, ujenzi wake na umeme wake. Nchini Ireland, vituo hivyo vilikuwa vikitumia asilimia 5 ya umeme uliopimwa kwa mita mwaka 2015. Mwaka 2023 vilifika asilimia 21, zaidi ya nyumba zote za mijini za nchi hiyo. Kwa hiyo kila mnapoletewa kijitabu chenye picha ya mti na neno "endelevu", ulizeni hesabu imeanzia mwaka gani, kama utengenezaji wa vifaa na mizigo ya wauzaji wao imehesabiwa ndani, na ni nani wa nje aliyekagua. Kampuni isiyoweza kujibu hayo haijaahidi kitu.

Anzeni kwa kuhesabu

Kosa ambalo nimeliona kwenye vikundi vingi ni kuandika barua ndefu ya malalamiko isiyo na hata namba moja. Afisa akiisoma atahuzunika, kisha ataiweka pembeni, kwa sababu hana pa kuipachika katika kazi yake. Lakini ukimwambia kwamba katika miezi mitatu mafundi saba wa mitaa miwili walikusanya kilo kadhaa za betri zisizo na mnunuzi, hapo umempa kitu ambacho hata kampuni haina, kwa kuwa hapana kampuni iliyowahi kutuma mtu wa kupima taka za Langoni.

Chagueni jambo moja tu. Kwetu ni betri na vifaa vya sola vilivyokufa. Huko Malindi huenda ikawa televisheni na kompyuta zinazotolewa na hoteli zikibadilisha samani, au betri za tuktuk. Kisha chagueni mafundi na maduka machache ambayo yatakubali, mkiwaeleza kinaganaga kwamba hamji kuwashtaki. Hilo lisemwe na mtu wanayemheshimu, maana fundi akidhani kwamba mmetumwa na askari wa kaunti atawaonyesha ndoo tupu.

Mizani haihitaji kununuliwa. Sisi tuliazima mizani ya kuning'iniza inayopimia samaki, tukaifunga kwenye boriti ya baraza, tukapima kila mzigo ndani ya mfuko wa gunia na kutoa uzito wa gunia lenyewe. Daftari liwe na safu za tarehe, mahali, aina ya kifaa, uzito, umri wake kwa makisio ya fundi, sababu ya kufa, na mwisho wake, yaani kama kiliuzwa, kilichomwa, kilitupwa au kimebaki. Safu hiyo ya sababu ya kufa ina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ndiyo inayotenganisha taa iliyochakaa kwa matumizi na taa iliyokufa kwa kukosa kipuri cha bei ndogo, na hayo mawili yanahitaji sheria tofauti. Pigeni picha ya kila mzigo ukiwa kwenye mizani, namba ikionekana. Fanyeni hivyo kwa muda usiopungua miezi mitatu, maana wiki ya Maulidi mji ukiwa umefurika wageni haifanani na wiki za kusi kali, na hesabu ya wiki moja tu itawaumbua.

Usalama wenu uje kabla ya takwimu. Betri ya simu iliyovimba isibonyezwe wala kutobolewa, kwani ya lithiamu hushika moto ikipasuka. Ncha zifunikwe kwa mkanda wa gundi, na betri zihifadhiwe katika mchanga mkavu, kivulini, mbali na mlango wa kutokea. Betri kubwa za asidi, za gari na za sola za zamani, zisimamishwe wima, wala maji yake yasimwagwe, na watoto wasizikaribie kabisa. Yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha sumu ya madini ya risasi katika damu za wakazi, hayatakiwi kurudiwa na mtu yeyote kwa kiwango chochote. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na ilibidi wasubiri hadi Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ikaithibitisha, baada ya Mahakama ya Rufaa kuwa imeitengua. Waliokuwa wameumia waliumia siku zote hizo.

Ombeni habari kwa maandishi

Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia zilizo kwa mtu mwingine ikiwa zinahitajika kulinda haki. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ikaeleza utaratibu. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, nayo ofisi inatakiwa kuamua na kujibu ndani ya siku 21. Lililo muhimu kwetu ni kwamba sheria hiyo inazihesabu hata taasisi za kibinafsi zilizo na habari zenye maslahi makubwa kwa umma kuhusu mazingira au afya, kwa hivyo kampuni ya simu au mwagizaji wa vifaa hawezi kujibu kwamba yeye si serikali.

Barua iwe fupi na iombe hati yenye jina. Badala ya "tunaomba habari zote za mradi", andikeni hivi: "Tunaomba nakala ya ripoti ya athari kwa mazingira iliyowasilishwa kwa ajili ya mnara wa mawasiliano unaokusudiwa kujengwa katika kiwanja kilicho karibu na msikiti wa mtaa wetu, pamoja na masharti yaliyoambatishwa kwenye leseni, kama imetolewa." Pelekeni nakala mbili, moja ibaki ofisini na nyingine igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe. Bila muhuri ule siku 21 hazina pa kuanzia. Mkinyimwa au mkinyamaziwa, lipelekeni suala hilo mbele ya Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hiyo.

Mkutano wa kushirikisha umma

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Lamu ilipoifundisha nchi nzima. Tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi. Mikutano ilikuwa imefanyika, na watu walikuwa wamekaa kwenye viti. Jopo liliona kwamba mikutano ile ilikuwa ya utangulizi, na kwamba utafiti kamili wa athari ulipokamilika haukurudishwa ipasavyo kwa wananchi ili wausome na kuujadili. Kanuni za mwaka 2003 zilizotumika katika shauri hilo zilikuwa zikitaka mabango, matangazo ya gazeti na redio, mikutano isiyopungua mitatu na waathirika, taarifa ya angalau wiki moja kabla ya mkutano, na mahali na wakati unaowafaa watu. Swali la kwanza la kuuliza katika mkutano wowote, basi, ni hili: "Ripoti yenyewe iko wapi, na tulipewa lini?"

Neno hilo la wakati unaofaa halichukuliwi kwa uzito, nasi tunapaswa kulisimamia. Mtu wa Faza au Kizingitini anayekuja mjini kwa boti hupita mkondo wa Mkanda, na mkondo ule haupitiki vizuri maji yakiwa yametoka. Mkutano ukiitishwa saa tatu asubuhi siku ambayo maji hujaa adhuhuri, watu wa kisiwa cha Pate wamefungiwa nje bila mtu yeyote kuwakataza. Siku za bamvua wavuvi wana hesabu zao za kuingia na kutoka, na Ijumaa kuelekea adhuhuri haifai kwa wengi wetu. Kwa hiyo mara mnapopata barua ya mwaliko, fungueni jedwali la maji, na ikiwa saa iliyopangwa haiwezekani, jibuni siku hiyo hiyo kwa maandishi mkipendekeza saa mbili mbadala na kuomba nauli ya boti kwa wajumbe wa visiwa vya mbali. Barua hiyo, hata ikipuuzwa, itawafaa baadaye.

Kuna jambo lililonipata mimi mwenyewe. Kampuni moja ya mawasiliano ilituita kwenye mkutano wa kutueleza mradi wake, nasi kwa adabu tukapokea soda, tukasikiliza, tukauliza maswali makali kuhusu jenereta na mafuta yake, na tukatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Miezi mingi baadaye nikaiona karatasi ile ile imeambatishwa nyuma ya ripoti chini ya kichwa kinachosema kwamba jamii imeridhia. Maswali yetu hayakuwamo hata moja. Tangu siku hiyo, kabla ya jina langu huandika kwa mkono "nimehudhuria, sijaridhia", na nawahimiza wenzangu wafanye hivyo. Kikundi kiwe na katibu wake mwenyewe anayeandika kila swali, jina la aliyeuliza na jibu lililotolewa. Mwisho wa mkutano asome kumbukumbu hizo kwa sauti, wasimamizi wa mradi wakiwapo, kisha azitume kwa barua pepe usiku huo huo kwa kampuni na kwa NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Ombeni pia muhtasari wa ripoti kwa Kiswahili. Ripoti ya kurasa mia tano za Kiingereza cha kihandisi haijamshirikisha bibi anayeokota kaa mikokoni.

Waraka wa maoni

Rasimu ya kanuni au mswada ikitangazwa, soma kwanza tarehe ya mwisho ya kupokea maoni, kisha pangeni kumaliza siku tatu kabla yake, maana mtandao huku hukatika na boti huchelewa. Waraka wenu usizidi kurasa mbili au tatu. Ukurasa wa kwanza useme ninyi ni nani na mmehesabu nini. Uliobaki uchukue kifungu kimoja kimoja cha rasimu, mtaje namba yake, mseme tatizo lake, na muandike maneno mnayotaka yawekwe badala yake. Hicho ndicho wanachofanya wanasheria wa kampuni. Mwandishi wa sheria aliyechoka hupenda sentensi iliyo tayari.

Chukueni mfano wa wajibu wa mzalishaji. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, katika kifungu cha 13, inamtaka kila mzalishaji abebe wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa, na kanuni za mwaka 2024 zikaingia katika utekelezaji wake. Anayeingiza bidhaa nchini naye amo. Kwenye karatasi ni jambo jema sana. Lakini mpango wa ukusanyaji unaweza kutimizwa kwa vituo vya Nairobi na Mombasa pekee, na ndoo ya Langoni ikabaki palepale, kwa kuwa gharama ya kubeba mzigo kwa punda hadi gatini, kwa boti hadi Mokowe na kwa lori hadi Mombasa inazidi thamani ya mzigo wenyewe. Tuseme mpango umeandikwa kwamba "vituo vya kukusanyia vitawekwa katika maeneo yanayofaa". Pendekezeni maneno haya: "vituo vya kukusanyia vitawekwa katika kila kaunti, na angalau kimoja katika kila kisiwa chenye wakazi, na gharama ya usafirishaji italipwa na mzalishaji." Chini yake wekeni jedwali lenu la uzito na bei ya nauli. Sentensi moja kama hiyo ina manufaa zaidi ya kurasa kumi za kueleza kwamba mji wetu ni urithi wa dunia tangu 2001, ingawa ni kweli na mnaweza kulitaja.

Waraka upelekwe wizarani au kwa taasisi iliyoomba maoni, nakala iende ofisi ya NEMA ya kaunti, kwa karani wa Bunge la Kaunti na kwa mwakilishi wa wadi. Ikiwa kanuni imeshachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, mlango haujafungwa wote: Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013 inataka kanuni ifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, na Bunge lina uwezo wa kuibatilisha. Waandikieni wajumbe wa kamati inayochunguza kanuni hizo, mkionyesha kwamba wa visiwani hawakusikilizwa. Tena kuna ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi: Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ardhilhali Bungeni, nayo inakubaliwa kwa Kiswahili, na kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinatoa haki kama hiyo mbele ya kaunti.

Msiisahau kaunti kama mnunuzi. Ofisi za kaunti, zahanati na shule za chekechea hununua kompyuta, printa na paneli za sola kwa fedha za umma. Pendekezeni kwamba kila zabuni ya vifaa hivyo iwe na sharti la muuzaji kuvichukua vikifa na kuonyesha hati ya vilikopelekwa. Sharti hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji mstari mmoja kwenye hati ya zabuni na mtu wa kuudai. Na kama mnataka kibanda cha kukusanyia kijengwe, kumbukeni kwamba mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, kwa hivyo maoni ya Oktoba ni ya mwaka mwingine.

Mikoko yetu na hewa ukaa yao

Jambo hili latufikia kwa kasi. Zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na kampuni za teknolojia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa duniani wa hati za kaboni, yaani vyeti vya hewa ukaa iliyonaswa au kuzuiwa mahali pengine, ambazo huzitumia kupunguza katika vitabu vyao hewa ukaa inayotoka kwenye vituo vyao vya data. Huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati hizo tangu muongo uliopita, na mapato yake yamepeleka maji na vifaa vya shule kijijini. Kaskazini mwa nchi mambo yamekuwa na mvutano zaidi: mradi wa kaboni ya udongo ambao wanunuzi wake walikuwamo Netflix na Meta uliandamwa na maswali kuhusu ridhaa ya wafugaji, na Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili, mojawapo ikiwa ndani ya mradi huo, ziliundwa bila kufuata sheria.

Akija mtu na mkataba wa mikoko, msitie sahihi siku hiyo, hata akiwa mtoto wa nyumbani. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka mradi wa kaboni katika ardhi ya umma au ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo na jamii husika, na kwa miradi ya ardhini jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kutoa gharama za uendeshaji. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye shimo. Ulizeni gharama hizo zitahesabiwaje, nani atazikagua, na kama kuna kikomo. Ulizeni jina la kampuni itakayonunua hati. Ulizeni kama wakata boriti wenye leseni na akina mama wanaookota kaa wataendelea kuingia mikokoni, na jibu liandikwe ndani ya mkataba, kwani ahadi iliyotolewa barazani haitasomwa na hakimu.

Mkipuuzwa

Leseni ikitolewa licha ya maoni yenu, aliyeathirika anaweza kukata rufaa kwa jopo la kitaifa la mazingira ndani ya siku 60, kwa kifungu cha 129 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Kikundi cha Save Lamu kilipita njia hiyo katika shauri lile la mtambo wa makaa ya mawe. Mnaweza pia kupeleka malalamiko kwa Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, na Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa ajili ya haki ya mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Mtafuteni wakili wa maslahi ya umma mapema, angalau wiki ile ile mliyopata habari, kwa sababu siku 60 huliwa upesi na safari za Nairobi na kutafuta nakala.

Wakili huyo atataka faili. Iwe na barua zenye mihuri, kumbukumbu za mikutano, daftari la uzani, picha zenye tarehe, na ile barua ya kuomba saa ya mkutano ibadilishwe kwa ajili ya maji. Karatasi ziwekwe katika debe la bati lenye mfuniko wa kubana, maana unyevu wa pwani hula wino, na picha zote zihifadhiwe kwenye simu za watu wawili wanaoishi nyumba tofauti. Daftari letu la kwanza lililowa tukivuka kutoka Mokowe, tukapoteza miezi miwili ya hesabu. La pili hupigwa picha ukurasa kwa ukurasa kila Alhamisi jioni, pale pale barazani, kabla mizani haijarudishwa kwa wenye samaki.